Ukuta Haukuwa na Kosa

"Ukuta wako umekwenda upande," mchora mabango alimwambia mwashi, akitazama herufi alizotoka kuzichora mbele ya bekari. Mwashi alichukua pimamaji. Akaipachika ukutani, kiputo kikatulia katikati: ukuta ulikuwa sawa. Mchora mabango, mama wa watu, akaziba jicho la kulia, na mistari yote ikapinda kama nyoka.

Jicho hilo la kushoto liliwahi kuvimba kwa ndani, likawa jekundu, halitaki mwanga. Daktari alimpa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, akamwonya asiyaache ghafla hata akipata nafuu. Wekundu ulipoisha tu, kazi zikambana, chupa ikasahaulika kabatini.

Jioni alimsimulia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye.

"Kesho kliniki," wifi alisema.

"Nina bango la kumaliza, wifi."

"Bango litangoja. Jicho je, umeliuliza?"

Daktari alilipima kwa muda mrefu. "Uvimbe umerudi, na sasa maji yamejaa ndani ya jicho, sehemu ya nyuma, pale panapokupa kuona sawasawa. Tutakuchoma sindano ya steroidi."

"Jichoni?" aliuliza.

"Kando yake, na ganzi kwanza. Matone utaendelea nayo. Na utarudi kupimwa presha ya jicho, maana dawa hii huweza kuipandisha."

Wifi alikuwa amemsindikiza; alimbana mkono mpaka vidole vya wifi vikafa ganzi. "Bora wangenichoma mimi," wifi alinong'ona, "ningeumia kidogo kuliko unavyonibana." Wakacheka, na sindano ikapita.

Nyumbani wifi akawa askari. Hata akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, mchora mabango aliitwa ashuke atiwe matone. Presha ilipanda kweli. Daktari akaongeza matone mengine, ikashuka.

Kisha asubuhi moja, akinywa chai, aliziba jicho la kulia akatazama nondo za dirisha. Zilikuwa zimenyooka. Pembeni palibaki ukungu kidogo, lakini zilinyooka. Machozi yakamtoka.

"Kaka yako alipofariki ungeweza kurudi kwenu," alimwambia wifi. "Ukabaki na mimi, mkaidi. Asante, wifi yangu. Sijui nisemeje."

Wifi alifuta macho kwa upande wa kanga. "Usiseme. Inua kichwa, dawa ya asubuhi bado."