Mpunga wa Vidole Vinne

Jumanne saa kumi na moja jioni, Agnella aliegesha kirikuu yake nyeupe chini ya nguzo ya umeme, mbele ya nyumba aliyopanga Ifakara, mtaa wa nyuma ya mashine za kukoboa. Alipandisha vioo, akavuta kila mlango kuhakikisha umejifunga, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vizuri na choo cha ndani, ila haikuwa na mahali pa kuingiza gari. Aliyemtafutia ni kaka yake Fridolin, na Agnella alipompigia simu kutoka Mlimba kumuuliza habari ya geti, Fridolin alicheka.

"Geti la nini? Mimi nipo nyumba ya tano kutoka hapo. Geti lako ni mimi."

Agnella aliridhika. Alipokuwa na miaka tisa na Fridolin kumi na miwili, wakipalilia mpunga wa baba yao kule Chita, jembe lilimponyoka Agnella likaondoka na kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa kaka yake. Fridolin alimwambia mama kwamba amejikata mwenyewe, akachapwa kwa uzembe huku mguu umefungwa kitambaa. Tangu siku hiyo Agnella hakuwahi kumuuliza kaka yake jambo moja mara mbili.

Na kirikuu ndiyo ilikuwa maisha yake. Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walichukua nyumba, shamba, hata masufuria. Gari lilipona kwa sababu wiki ile lilikuwa gereji na hakuna aliyelikumbuka. Kwa kirikuu hiyo Agnella alibeba matofali na magunia ya mpunga, akala, akavaa.

Alhamisi asubuhi kioo cha pembeni, cha upande wa kulia, hakikuwepo. Kuanzia pale ubavuni mwa gari, mpunga ulikuwa umeota barabarani, kwenye vumbi la Agosti, tayari umefika kwenye kifundo cha mguu. Ulikuwa umeota kwa mafungu, fungu moja kila hatua, na kila fungu lilikuwa na umbo la wayo. Wayo wa kulia ulikuwa na mashina matano kwa mbele. Wa kushoto ulikuwa na manne.

Bi Mboni, mjumbe wa mtaa, alitoka kwenye duka lake ng'ambo ya barabara na beseni la maji aliyooshea vyombo, akayamwaga kwenye mpunga.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba mwanangu. Pole na kioo."

"Huu mpunga umetoka wapi?"

"Si wa mwizi huo? Mwaka juzi walivyochukua pikipiki ya fundi Lukelo yaliota maboga kutoka hapa mpaka stendi. Tulikula mwezi mzima." Alichuma jani, akalisugua kiganjani, akanusa. "Mbegu ya supa hii. Una bahati, wengine wanaotewa magugu."

Agnella aliufuata ule mstari kwa macho. Ulipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, ukaishia kwenye kizingiti cha nyumba ya tano. Halafu akajiambia maneno ambayo hujiambia mtu asiyetaka kujua: kaka alikuja kulikagua gari kama alivyoahidi, akarudi kulala. Mpunga wa nyayo za kurudi ulikuwa umenenepa kidogo kuliko wa nyayo za kuja, lakini hilo aliamua hajaliona.

Jumapili asubuhi mpunga ulionekana umezidi. Agnella alisema moyoni kwamba mpunga kazi yake ni kuzidi, akaenda kanisani kwa miguu. Jioni Sikitu, mke wa Fridolin, alimwita kwa chakula. Walikula kambale wa kuchoma sebuleni, chini ya taa nyeupe iliyoangaza hadi miiba ya samaki.

"Hongereni," Agnella alisema. "Mmeweka sola?"

"Sola tulikuwa nayo siku zote," alisema Fridolin. "Tumepata betri nzuri."

Akamwongezea dada yake kipande cha mkia, kwa sababu alijua anapenda mkia.

Jumatatu Agnella aligeuza ufunguo na gari halikusema kitu. Alifungua pale inapokaa betri akakuta nyaya mbili zimelala. Nje, mpunga wa nyayo za kurudi ulikuwa umefika magotini, umeotea kwenye mashimo, kama ya mtu aliyebeba mzigo. Mteja wa matofali ya kwenda Namawala alisubiri mpaka saa tatu, akamwita mwenye gari mwingine. Agnella alitembea mpaka nyumba ya tano, akipita kando ili asikanyage mpunga.

Fridolin alikuwa barazani, kifua wazi, ananyoa ndevu. Kioo alichokitumia kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Pale chini kilikuwa na namba ya kirikuu, aliyoichora fundi wa Mlimba ili kuwatisha wezi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Kioo hicho ni changu."

"Ndiyo," alisema Fridolin. "Namba yako si hiyo hapo?"

"Na betri."

"Na betri. Jana si uliisifia mwenyewe?"

"Kaka, ungeniomba."

Fridolin alimalizia shavu la kushoto, akasuuza wembe, akaangalia chini kwenye mguu wake.

"Kwani wewe kidole uliniomba?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbushia jambo ambalo wote wawili wanalijua, akaendelea na shavu la pili.

Agnella aliumia. Angetafuta betri nyingine, na kioo kingine, Mungu akipenda, lakini miaka thelathini na moja hakuwa na mahali pa kuitafuta. Miaka yote hiyo, alipokosa cha kushika, alishika ule uongo mmoja ambao mtoto wa miaka kumi na miwili alimwambia mama yake. Alipozikwa mume wake, na masufuria yakihesabiwa na kutolewa nje, alijiambia kwamba yeye anaye mtu aliyewahi kuchapwa kwa ajili yake. Kumbe kile kidole hakijasamehewa. Kilikuwa kimewekwa tu, kama mbegu ya mwaka ujao. Alirudi nyumbani akakaa ndani ya kirikuu mpaka jua likawa kali.

Mtaa mzima ulijua mguu wenye vidole vinne ni wa nani, na hakuna aliyesema. Walichobishania ni nani ataamia ndege, maana kwelea walikuwa wameshauona mpunga. Akina mama wakapeana zamu, wakipiga madebe kutoka nguzo ya umeme hadi nyumba ya tano. Siku ya ishirini mpunga ukaiva. Bi Mboni aliitisha kikao cha dakika chache mbele ya duka, akaamua mavuno ni ya Fridolin, kwa kuwa aliyepanda ni mwenye mguu. Agnella apewe nyasi za mpunga, kwa sababu gari ni lake. Watu waliona ni haki, wakashika mundu.

Jioni ile Sikitu alileta sahani ya wali mpya, umefunikwa kawa.

"Kaka yako amesema wewe uanze kuonja."

Wali ulinukia chumba kizima. Agnella aliula wote, maana alikuwa na njaa, na ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomliza.

Asubuhi yake aliwaomba watu wamsaidie kusukuma gari. Walilisukuma nyumba tano, Fridolin naye akisukuma upande wa nyuma, mpaka likasimama mbele ya mlango wake, karibu kugusa kizingiti.

"Nimekusogezea," Agnella alimwambia. "Usipate shida ya kutembea."

"Asante dada," alisema Fridolin, na kweli alishukuru.

Kesho yake tairi la akiba halikuwepo. Palikuwa pameota mpunga wa hatua mbili tu, wayo wa kulia na wayo wa kushoto. Bi Mboni alipita, akatikisa kichwa, akasema kwa mavuno ya namna hii mtaa utalala njaa, na kwamba kuhamahama na gari si ustaarabu. Agnella alimwitikia ndiyo mama, akapiga magoti kwenye vumbi. Magugu yalikuwa yameshaanza kuuzonga ule wayo wa mashina manne.

Fridolin alitoka na kikombe cha chai, akaegemea mlango, akamtazama.

"Jembe liko hapo ukutani," alisema.

Agnella aliliona. Akapalilia kwa mkono, taratibu, shina moja baada ya jingine.