Ukurasa Ambao Mkutubi Hakuonyeshwa

Mkutubi alipostaafu hakupumzika kama alivyowaahidi wanawe. Alichukua sindano, uzi na kopo la gundi, akaanza kuzunguka vijiji vya milimani akishona vitabu vya watu. Vilikuwepo vingi kuliko ambavyo mtu angedhani. Waliovinunua walikuwa wameshakufa, navyo vikabaki chini ya vitanda na juu ya makabati, majalada yamebanduka, mende wakijifanyia karamu. Mkutubi alikaa kibarazani, akashona, asitake malipo. Kwa hiyo watu walimfungulia masanduku ambayo hata wakwe zao hawakuwahi kuyachungulia.

Aliyefuatana naye ni Mpiga Picha, mwenye studio ndogo karibu na posta. Waliitana kaka na dada tangu msiba wa mume wa Mkutubi, ambapo Mpiga Picha alipiga picha zote akakataa kupokea chochote. Miaka mitatu walipanda milima pamoja, mmoja akishona, mwingine akipiga picha majalada na kurasa. Ndipo Mpiga Picha akaleta wazo la tovuti.

"Dada, watu wa mbali wanatamani kuja huku, hawajui waanzie wapi. Tuwawekee kila kitu. Njia ipi inapitika, nani ana chumba cha mgeni, wapi mtu anaweza kukaa na kitabu cha kale akakisoma kwa nafasi yake."

"Na majina ya wenye vitabu?"

"Hayatoki. Mgeni atakuandikia wewe, wewe utamuuliza mwenye kitabu. Akikubali, mgeni aje. Na kitabu hakitoki nyumbani."

Mkutubi akampa daftari lake la safari lote, lenye kila alichokiona na kukisikia. Wageni wakaja kweli. Walisoma, wakalala, wakaondoka wakishukuru. Mbele za watu Mpiga Picha alimwita "mama wa tovuti". Kumbe ni kilemba cha ukoka, naye akakivaa bila kujitazama kwenye kioo.

Asubuhi moja mjane wa seremala alishuka mlima kwa miguu hadi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa." Yule mama alikuwa bado anahema. "Mgeni wako alikuja juzi, mimi niko shamba. Alimkuta mkwe wangu peke yake. Akasema umemtuma wewe. Akalitaja sanduku la bluu, lililo chini ya kitanda changu! Mkwe akajua tumeshakubaliana. Akapokea hela, akampa kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Unakijua. Ulikishona wewe."

Mkutubi alikijua. Kilikuwa kitabu cha maradhi ya mifugo, cha kawaida tu, ila kwenye kurasa tupu za mwisho watu wa nyumba ile waliandika waliozaliwa na waliokufa, vizazi vinne, kila kizazi na mwandiko wake.

Mjane akatoa karatasi iliyokunjwa ambayo mgeni aliisahau mezani. Ilichapwa kutoka kwenye tovuti yao, ukurasa ambao Mkutubi hakuwahi kuuona. Juu ilisomeka: "Kwa wakusanyaji waliojiandikisha tu." Chini yake picha ya sanduku, njia ya kufika, na sentensi moja aliyoitambua: "Mwenye nyumba hushinda shamba mpaka mchana." Aliiandika mwenyewe kwenye daftari, ili wageni wasimsumbue bure yule mama.

Alifika studio, akamkuta Mpiga Picha akikata picha ndogo za vitambulisho.

"Ooh, dada, karibu!"

Aliiweka karatasi juu ya meza. Mpiga Picha aliitazama, akaweka mkasi chini taratibu.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Dada, sikiliza. Vitabu vile vinaliwa na mchwa. Huko viendako vitawekwa kwenye kabati la kioo. Kuna ubaya gani?"

"Ungeniuliza, ningekataa. Ndiyo maana hukuniuliza. Vimetoka vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Fungua huo ukurasa, ufute. Sasa hivi, mbele yangu."

"Siwezi. Watu wameshalipia mwaka mzima."

"Nimekupeleka kwa watu nikisema huyu ni ndugu yangu. Wakakuamini kwa mdomo wangu."

"Na ndugu huvumiliana," akajibu, tena kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa.

Upole ule ulimuuma kuliko wizi wenyewe. Angemfokea, angejua amegombana na mtu. Mkutubi alitoka bila kuaga.

Mgeni yule alikuwa amemwachia mkwe namba ya simu, endapo vitapatikana vitabu vingine. Mkutubi akampigia. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye sauti ya taratibu.

"Mama, mimi nilinunua kihalali. Pale pameandikwa kwamba kila kitabu umekipitisha wewe. Kama si jina lako, nisingekuja."

Kurudisha alikataa. Baada ya kuombwa sana, alituma picha za zile kurasa za mwisho, na orodha ya vitabu vilivyokwisha kutoka, kama ilivyo kwenye ule ukurasa.

Wiki ile Mkutubi alipita nyumba kumi nyingine zote, kabla ya ile ya mjane, akisema yaliyotokea kama yalivyo. Wengine hawakujua kwamba vitabu vyao vimetoka. Mtoto wa mtu au mpangaji ndiye aliyeuza. Kwenye nyumba ya tatu, mwenyewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwizi hakulijua sanduku langu. Uliyelijua ni wewe." Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na kwa watu hawa nguo ilikuwa yeye.

Tovuti haikufungwa. Jina lake lilibaki pale pale.

Mjane alimpokea uani. Alizishika zile picha zilizochapwa mbali kidogo na macho, akapitisha kidole juu ya majina hadi kikasimama.

"Huyu ni wangu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Baba yake ndiye aliyemwandika, na hakuandikwa pengine popote." Akaigeuza ile karatasi. "Lakini hii ni picha."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mjane alimwita mkwe wake aje na daftari jipya na kalamu. Mkutubi, kwa mazoea, akanyoosha mkono kulipokea.

"Ataandika yeye," mjane akasema, akimrudishia zile picha. "Wewe soma tu."

Mkwe akakaa kizingitini, daftari mapajani. Mkutubi akasoma akiwa amesimama juani, jina baada ya jina, akingoja kila mara kalamu imalize.