Tochi Chini ya Shuka

Jeneza lilikuwa limeshavuka kizingiti, na wanawake nyuma yetu wanalia kwa kujizuia, pale simu ilipoanza kuita mfukoni mwa Muharami. Mtu mwenye jeneza begani hapokei simu. Iliita ikakatika, ikaanza tena.

"Ni Mwanaasha," alisema.

"Najua ni Mwanaasha," akajibu kaka yake Husseni, aliyekuwa bega la mbele. "Tembea."

Tukatembea. Njia ya makaburini pale Mlingotini inapita katikati ya minazi, na masika ilikuwa imeifanya utelezi mtupu, kila baada ya hatua kadhaa mtu anapokonywa kandambili na tope. Mimi nilikuwa nyuma kidogo, kama inavyompasa mgeni. Marehemu, Bi Batuli, alikuwa mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba chake cha uani nikisema nitakaa mpaka mvua iishe, kisha mvua ikaisha ikarudi, nami bado nipo. Nimekaa miji mingi, sijapata kuona mwanamke anayefanya kazi kama yule. Alilima mwani. Maji yakitoka yuko pwani anafunga kamba, yakijaa yuko nyumbani anapika, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi hata hawezi kushika sindano.

Alikuwa na watoto watatu: Husseni, Mwanaasha na Muharami, mdogo wao. Mwanaasha alikuwa Maskati kwa kazi za ndani, na tangu aondoke hakuwa amerudi hata kwa sikukuu. Alipopigiwa simu alfajiri kwamba mama amefariki usingizini, hakulia. Alisema neno moja tu: wasimzike mpaka amwone uso. Ndege yake ingetua Dar asubuhi ya pili.

Husseni akakataa. "Maiti ana haki yake, na haki yake ni kuwahishwa. Hawezi kungoja ndege."

"Sikusema mngoje ndege," ikajibu simu, na sote ukumbini tuliisikia. "Mningoje mimi."

Husseni ndiye mkubwa. Tulimswalia Alasiri.

Sasa, anapozikwa mwanamke, kaburi huzibwa kwa shuka, watu wanne wanashika pembe, ili waliosimama juu wasimwone anapoteremshwa. Chini huingia maharimu wake tu, wanaume wa damu yake wasioweza kumwoa. Siku ile waliingia Husseni na Muharami. Mimi nilipewa pembe moja, nikageuza uso pembeni kama wenzangu. Mawingu yalikuwa mazito juu ya bahari, na ile shuka nayo ilikuwa ya rangi ya kahawia, nene. Huko chini kulikuwa giza kama chunguni.

Sauti ya Husseni ikatoka chini. "Fundo la sanda la miguuni silioni. Washa tochi."

"Simu imejaa tope," akasema Muharami.

"Iwashe hivyo hivyo. Hii si harusi."

Shuka ikamweka kama umeme. Nasema ikamweka kwa sababu sina neno jingine. Ghafla ilikuwa nyeupe, nikaona nyuzi zake na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kisha giza. Kisha ikamweka mara ya pili.

"Radi hiyo?" aliuliza mzee aliyeshika pembe ya pili.

"Radi inatoka chini?" akajibiwa.

Hakuna aliyecheka. Baadaye kidogo mwanga ukawaka ukatulia, mwanga wa tochi wa kawaida. Tukamsikia Husseni akisema Bismillahi, na Muharami hatukumsikia kabisa. Wakaomba viunza, tukateremsha mbao moja moja, tukafukia, mwalimu akamsomea marehemu talakini. Mvua ikatukuta njiani.

Nyumbani, tulipokuwa tunanawa mikono kwenye ndoo, Muharami alinisogelea.

"Mzee Bwanaheri, nimebonyeza pabaya."

Akanionesha. Simu yake ikiwa imefungwa, kwenye kioo kuna alama mbili chini, tochi upande huu na kamera upande ule. Kidole chenye tope kilikwenda upande ule, na alipohangaika kukitoa kikabonyeza. "Nimempiga mama picha," alisema. "Mle ndani. Husseni hajui, alikuwa ameinama miguuni, akadhani ni tochi inasumbua."

"Ifute."

"Nitaifuta. Lakini Mwanaasha hajamwona."

Nilikwenda kulala, na usingizi haukuja mapema. Macho yangu yakifumba naiona ile shuka.

Mwanaasha aliingia siku ya pili kabla ya Adhuhuri, kwenye bodaboda, na sanduku lililozungushiwa nailoni. Alikuwa mwembamba kuliko picha yake ya ukutani. Watu wakasimama.

"Shikamoo, Mzee Bwanaheri."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nishapoa." Akamgeukia kaka yake. "Mmeshamfukia."

"Tumemsitiri, Mwanaasha."

"Mmemfukia. Mnafukia mihogo, mnafukia na mama yangu. Usiku mmoja, Husseni! Nilikuomba usiku mmoja."

Husseni akainamisha kichwa. Angemjibu kwa ukali labda mambo yangekwenda vingine. Muharami akashindwa kuvumilia.

"Dada, ipo picha."

"Picha gani?" Husseni ndiye aliyeuliza, na aliuliza polepole.

Muharami akaeleza. Husseni akasimama. "Watu wameshika shuka mikono inawauma ili mama asionekane, na wewe unamtembeza mfukoni? Lete simu hiyo niivunje."

"Hapana, nipe mimi," akasema Mwanaasha. "Mimi si mwanamume wa kando. Mimi ni mwanawe. Nioneshe uso wa mama yangu mara moja, kisha ivunjeni, itupeni baharini, shauri yenu."

Waliingia chumbani kwa marehemu, wakafunga na dirisha. Mimi si maharimu wake, basi nilitoka nikakaa kwenye kibao cha mlango wa uani, nimewapa mgongo. Picha ile sijaiona, na ninayoyasema hapa ni ya kusikia. Mlango wa chumba ulikuwa wa pazia tu.

Kisha Mwanaasha akasema kwa sauti ndogo, "Mbona macho yapo wazi?"

Nikasikia kitanda kikilia, mtu anasogea.

"Husseni. Mama macho yapo wazi. Ananitazama."

"Ni mwanga tu huo," akasema Husseni, lakini sauti yake ilimsaliti.

"Mwanga unafumbua macho? Hajafa. Alikuwa ananingoja, nanyi mmemzika hajafa!"

Pazia likapepea, akatoka mbio. Nyuma ya mlango wa jiko palikuwa na jembe. Alilichukua kabla sijainuka. Mimi ni mzee, nilichoweza ni kusimama kwenye njia ya kutokea.

"Nipishe, Mzee."

"Siwezi, mwanangu."

"Nitakupiga."

"Nipige. Utapita, lakini utakuwa umenipiga."

Hapo ndipo alipotoka Bi Mwanamkasi, shangazi yao, mwanamke wa makamo ya Bi Batuli, unga wa ngano mpaka viwikoni. Yeye ndiye mwosha maiti wa upande ule wa kijiji, na yeye ndiye aliyemwosha wifi yake.

"Weka jembe chini, wee. Unataka kwenda kulima wapi?"

"Shangazi, alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa."

"Unajuaje?"

"Nilimgeuza ubavu huu na ubavu huu, mwanangu. Nilimfunga kidevu. Alikuwa baridi kama mtungi. Na macho nilimfumba kwa mkono huu, yakatulia."

"Basi njoo utazame."

Wakarudi ndani. Mwanaasha hakuliacha jembe, nililisikia likiburuza sakafuni. Nikamsikia Bi Mwanamkasi akivuta pumzi. Na aliposema, hakuwa akisema na watoto.

"Aa, Batuli," alisema, kama mtu anayemkemea jirani aliyechelewa kuondoka shughulini. "Bado tu? Haya. Mwanao kaja, huyu hapa. Lala sasa."

Muharami alinieleza baadaye alichofanya. Katika picha uso umekaa kwa upande, kwa jinsi simu ilivyoshikwa. Bi Mwanamkasi alijifuta unga kwenye kanga, akaweka kiganja juu ya kioo, kwenye paji la uso, akakipitisha taratibu kuelekea shavuni, vile vile anavyowafanyia wafu. Akakiondoa.

"Amefumba," akasema Mwanaasha.

"Amefumba," akasema Husseni. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

Jembe likaanguka. Ndipo kilio kikaja, kilio cha kwanza cha Mwanaasha tangu alfajiri ya jana yake, na wanawake wakaingia kutoka jikoni wakampokea. Alilia mpaka akalala pale pale kwenye kitanda cha mama yake. Kabla ya kulala alimwambia Muharami, "Sasa futa. Nimeshamwona." Akafuta mbele yake na mbele ya Husseni.

Alasiri Muharami alinifuata barazani. Alikaa kando yangu, simu mkononi imezimwa.

"Zilikuwa mbili, Mzee."

"Mbili nini?"

"Picha. Nilibonyeza mara mbili. Shangazi alipopitisha kiganja, simu ikafanya kama anafunua nyingine, ikaleta mwenzake. Ndiyo hiyo yenye macho yaliyofumba."

Nikafurahi, nikamwambia Mungu ana njia zake. "Kwanza yalikuwa wazi, kisha yakafumba. Ni ngozi hiyo. Mkimlaza shavu kwenye mchanga, ngozi inavutika."

Alitikisa kichwa. "Aliyofumba macho ndiyo niliyopiga kwanza. Iliyo wazi ndiyo iliyofuata."

"Basi ngozi ilivutika hapo katikati. Mlipomlaza."

"Tulikuwa hatujamlaza shavu, Mzee. Fundo la kichwani tulishalifungua, Husseni alikuwa kwenye la miguuni. Mimi nimeshika simu kwa mikono miwili. Uso wake hakuna aliyeugusa."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati. Nikamuuliza amemwambia nani.

"Wewe."

"Basi ishie hapa. Sikia Mwanaasha anavyokoroma."

Tukamsikiliza. Alikuwa akikoroma kama mtu aliyetua mzigo.

Mwanaasha alikaa mpaka arobaini ikasomwa, akarudi Maskati. Ameolewa na mtu wa Pemba aliyemkuta huko, na kila Ijumaa akipiga simu nyumbani husimulia jinsi mama yake alivyomngoja, kisha akafumba macho. Husseni yuko Mlingotini na mkewe, wanalima mwani kwenye kamba zile zile. Bi Mwanamkasi alifariki wakati wa vuli, akazikwa asubuhi, jua kali. Muharami aliombwa ateremke, akakataa, akaingia mpwa mwingine wa marehemu, Yahya, akafungua mafundo kwa kupapasa. Muharami ni utingo wa lori, hulala Ubena zaidi kuliko kwao. Simu yake aliiuza, ana simu ndogo ya kitochi, ya vibonye, isiyo na kamera. Chumba cha uani anakaa mwalimu wa madrasa. Mimi nimehamia Kaole.

Kaburi la Bi Batuli halikufunguliwa.