Mguu wa Mhasibu

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Mvua nyepesi ilinyesha bila upepo, na madirisha ya kituo cha redio yalikuwa yamefungwa. Katika chumba cha santuri, watangazaji wawili walikuwa wamepewa hadi saa kumi wawe wamegawana rafu moja.

Wa kwanza aliitwa Dada Kinanda, kwa sababu kipindi chake cha Alhamisi kilipiga pop ya sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, na hakikupiga kitu kingine. Wa pili aliitwa Disko. Kipindi chake cha Ijumaa kilikuwa cha muziki wa kuchezea. Disko alikuwa amemwoa dada mkubwa wa Dada Kinanda, kwa hiyo wawili hao walikuwa mashemeji, na utani wao ulijulikana jengo zima.

Tatizo lilianzishwa na mkurugenzi wa vipindi. Juma lililopita alisikiliza vipindi vyote viwili, akasikia albamu ileile Alhamisi na Ijumaa. Asubuhi hiyo aliwaita na kuwaambia kwamba haoni sababu ya kituo kulisha watu wawili kutoka sufuria moja. Alitaka aonyeshwe mpaka. Kila albamu ikae upande mmoja tu, na kwa sababu inayoelezeka. Wakishindwa, kipindi cha Alhamisi kingefutwa, kwa kuwa ndicho chenye wasikilizaji wachache, na Dada Kinanda angerudi kusoma taarifa za foleni za magari.

Alizisoma taarifa hizo kwa miaka kabla ya kupata kipindi, na hakutaka kuzisikia tena. Tangu asubuhi hakuweza kukaa. Alipanga majalada, akayapangua. Alifungua dirisha, akalifunga. Shemeji yake alimwambia amekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Walianza na kasi. Nyimbo za haraka ziende kwa Disko, za taratibu zibaki kwa Dada Kinanda. Kanuni hiyo ilikufa kwenye albamu ya kwanza, iliyokuwa na wimbo wa mbio na wimbo wa usingizi upande uleule. Wakajaribu vyombo. Dada Kinanda alidai kila kilichotengenezwa kwa sintesaiza. Disko akamkumbusha kwamba nusu ya nyimbo za kuchezea zilitengenezwa kwa mashine hizohizo, na kwamba kwa kanuni hiyo yeye angebaki na tarumbeta mbili na koti lake.

Kanuni ya tatu ilitoka kwa Dada Kinanda, na aliipenda mara alipoisema. Muziki wake, alieleza, umevaa vizuri na unasimama mbali kidogo na watu. Unapendeza kama mtu aliyeketi peke yake hotelini, ametulia, anatazama nje. Anayeusikiliza naye hutulia. Muziki wa Disko humnyanyua mtu kitini. Basi vyombo viachwe, utazamwe mwili wa msikilizaji. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kupimia, asiyejua kwamba anapimwa.

Wote wawili waligeuka kumtazama mhasibu.

Ofisi yake ilitenganishwa na chumba cha santuri kwa ukuta wa kioo, na spika ndogo juu ya kabati lake ilimpelekea kila kilichopigwa. Hakuupenda muziki wala hakuuchukia. Aliuchukulia kama mlio wa feni. Tena alikuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza, kwa hiyo soksi zake za kijivu zilionekana vizuri. Walikubaliana kupiga wimbo mmoja kutoka kila upande wa albamu. Mguu wa mhasibu ukigonga sakafu, albamu ni ya Ijumaa. Ukitulia, ni ya Alhamisi. Hakuna rufaa.

Kazi ilienda upesi. Kituoni hapo albamu ziliitwa kwa picha za majalada yao. Mlango wa Buluu ilikuwa na besi nene, na mguu uligonga kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ikaenda kwa Disko. Vijana wa Nywele, pamoja na kelele zake zote, haikumshtua mhasibu hata kidogo; ikabaki kwa Dada Kinanda. Kila mguu ulipogonga, Dada Kinanda alihesabu kimoyomoyo kama zilizobaki zingetosha kujaza kipindi.

Kisha ikafika zamu ya Koti Jekundu. Hiyo ndiyo albamu iliyopigwa Disko alipocheza na mke wake siku ya harusi yao. Aliweka sindano mwenyewe, taratibu. Mguu haukutikisika. Aligeuza upande. Mguu haukutikisika. Akapiga wimbo wa tatu, ambao haukuwemo katika makubaliano, na mhasibu akajikuna kifundo kwa kidole gumba cha mguu wa pili.

"Umeona," alisema Disko. "Huko nako ni kucheza."

"Amejikuna, shemeji."

"Amejikuna kwa mdundo."

Dada Kinanda alinyoosha mkono. Disko aliifuta santuri kwa kitambaa, akairudisha ndani ya jalada, na kuiweka upande wa Alhamisi yeye mwenyewe. Alimwambia Dada Kinanda atafute namna ya kumweleza dada yake, kwa sababu yeye Disko jioni atarudi nyumbani kwa mke huyo.

Ikabaki moja. Dada Kinanda alikuwa ameichelewesha makusudi. Ngazi ya Kioo ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye suti nyeupe akishuka ngazi bila kutazama chini. Wimbo wake wa kwanza ulifungua kila kipindi cha Alhamisi. Sintesaiza iliingia kwa noti nne baridi, mwangwi ukazifuata, na sauti ya mwanamke ikaja juu yake kama isiyomhitaji mtu. Dada Kinanda alikaza macho kwenye soksi ya kijivu mpaka wimbo wa pili ukaisha. Soksi ilitulia kabisa. Akapumua.

Hapo ndipo alipoona kwamba Disko hatazami kioo. Alikuwa akimtazama yeye. Katika muda wa nyimbo mbili Dada Kinanda alikuwa ametembea kutoka mlangoni hadi kwenye rafu na kurudi, mara nyingi, kila hatua ikiangukia kwenye mdundo. Kisigino chake bado kilikuwa kikigonga.

"Tulikubaliana mhasibu," alisema.

"Tulikubaliana. Mguu wake umetulia, albamu ni yako." Disko akageukia rafu. "Mimi sijaona kitu."

Dada Kinanda alikaa kitini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akashindwa kutulia. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kuisikiliza albamu hiyo akiwa ameketi. Nyumbani aliisikiliza akitembea kutoka jikoni hadi chumbani, mpaka jirani wa chini akalalamika. Studioni aliwaambia wasikilizaji wazime taa na watulie, naye akiwa amesimama mbele ya kipaza sauti, anayumba. Siku zote alidhani ni woga wa kazi.

Mkurugenzi aliingia kabla ya saa kumi. Alizitazama pande mbili za rafu, akaomba sababu, akaelezwa. Akachomoa albamu tatu kila upande na kuuliza habari zake. Majibu yalilingana na sababu hiyo. Kisha akaiona Ngazi ya Kioo juu ya meza, katikati, na kuuliza ni ya wapi.

Disko alifungua kinywa. Dada Kinanda akamtangulia.

"Ni ya Ijumaa."

"Si ndiyo inayofungua kipindi chako?"

"Ndiyo. Nimekwambia muziki wangu humtuliza mtu. Huu haujawahi kunituliza mimi."

Mkurugenzi alitazama rafu tena, kwa muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza. Alisema mpaka ameuona, na kwamba vipindi vyote viwili vitabaki.

Alipotoka, Disko alishika Ngazi ya Kioo kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi. Akaanza kusema kwamba, ikiwa ni hivyo, basi pengine na Koti Jekundu.

"Koti ni langu, shemeji. Ukilitaka, piga simu Alhamisi uombe kama watu wengine."

Mkurugenzi alirudi ofisini na kuiacha ratiba kama ilivyokuwa. Mhasibu alivaa viatu, akaenda nyumbani, na hakuambiwa chochote. Disko alimweleza mke wake habari za Koti Jekundu, akanyimwa mazungumzo hadi asubuhi. Ijumaa alipiga Ngazi ya Kioo, pande zote mbili, bila kuikatiza. Dada Kinanda alijaribu nyimbo kadhaa za kufungulia kipindi, asiridhike na hata moja. Alhamisi alifungua kwa kusalimia tu.