Upindo wa Suruali

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na kwa bahati mbaya waongozaji wa mji wetu waligundua kwamba za kutisha naziweza. Nimeshakata na kuunga picha za mizimu na mapepo ya kila aina, kwa hiyo nina haki ya kusema hili: siku hizi hakuna zimwi linaloruhusiwa kuwa baya bila barua ya utambulisho. Mtu anachukua kitabu chenye mtoto mkorofi anayetesa wenzake, anatesa tu, basi, na msomaji anakosa usingizi. Kikifanywa filamu, mkorofi huyo lazima apewe baba mlevi, au mama wa kambo, au nyumba iliyoungua. Mama wa kambo peke yake amefanya kazi nyingi kwenye filamu zangu kuliko waigizaji wote, na hajawahi kupewa neno la maana zaidi ya "toka hapa."

Filamu ya safari hii ilitoka kwenye kitabu cha shangazi yake mwongozaji. Kazini sote tulimwita Shangazi, hata fundi umeme aliyemzidi umri. Kitabu kinamhusu mvulana anayeitwa Chuma, ambaye anawafungia wenzake ndani ya tangi la maji nyuma ya shule. Chuma anakufa angali kijana, na watoto wa wale aliowatesa wanaanza kusikia sauti yake ndani ya kila ndoo na kila pipa la nyumbani. Kuhusu kwao Chuma kitabu kina sentensi moja tu: baba yake alikuwa fundi cherehani. Mwongozaji akaidaka sentensi hiyo, akaifanya tukio zima. Baba anamchapa Chuma kwa rula ya mbao ya kupimia vitambaa, taa inayumba, mvua inapiga dirisha, mtoto anaitazama kamera kwa jicho la kisasi. Mvua ile niliiongeza mimi, maana niliambiwa niiongeze.

"Mtazamaji lazima ajue kwa nini," mwongozaji aliniambia.

"Kitabu hakisemi kwa nini."

"Ndiyo maana sisi tunatengeneza filamu."

Tukio hilo ndilo lililotangulia kuonekana kwenye kionjo, kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu, na wiki haikuisha kabla mtu hajabisha hodi mlangoni kwetu.

Chumba chetu cha kuhariria kilikuwa duka la viatu zamani. Tumebandika magodoro ukutani kuzuia kelele, na feni yenyewe huzimwa kila tunaporekodi, tukabaki tunatokwa jasho kama wapishi. Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, shati amechomekea vizuri, kofia ameishika mkononi. Alisema yeye ni mwalimu wa udereva. Nilidhani amekosea mlango.

"Mimi ndiye Chuma," akasema. "Mtaani wananiita Nondo. Kila aliyesoma kile kitabu anajua."

Shangazi alikuwa kwenye kochi anakunywa chai. Hakushtuka.

"Karibu, Nondo. Naona hujafa."

"Bado, dada. Umeniua kitabuni tu."

"Nilifurahi kukuua."

"Najua. Sikuja kulalamika kwa hilo."

Alichokuja kulalamikia alikieleza kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kukaa kando ya wanafunzi wanaokanyaga mafuta badala ya breki. Baba yake bado ana duka la ushonaji lilelile. Tangu kionjo kitoke, wateja wanamwangalia vingine.

"Jana mama mmoja alimleta mtoto apimwe sare. Baba alipoinua rula, yule mama akamvuta mtoto wake nyuma. Mzee hana habari na mambo ya simu, hajaona kitu. Ananiuliza mimi, hivi watu wana nini? Na Jumamosi majirani wanampeleka kuiona hiyo filamu, wamemwekea kiti mbele. Atajiona anampiga mwanawe huku mtaa mzima unatazama. Hajawahi kunigusa. Hata kofi."

"Ni hadithi tu, kaka," mwongozaji alisema. "Hatukumtaja mtu."

"Fundi cherehani mwenye mtoto aliyefungia watu tangini? Kwetu yupo mmoja."

"Basi nani alikufanya ukawa vile?"

"Hakuna."

"Haiwezekani."

"Bwana mkubwa, nilikuwa nakula, nalala, napendwa. Niliwafungia kwa sababu nilipenda kuwasikia wakiniomba. Sina zaidi. Msimpake matope mzee wangu kwa makosa yangu."

"Ndicho nilichoandika," Shangazi alisema ndani ya kikombe.

Nilimwonea huruma yule bwana, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, maana Shangazi, mmoja wa aliowafungia tangini, mwanamke mzima mwenye wajukuu, hadi leo haogi akiwa amefunga mlango. Mwongozaji alikuwa bado anavuta kamba yake. Alisema akilitoa tukio lile, Chuma atabaki ananing'inia hewani, na yeye hawezi kupeleka shimo mbele ya watu. Apewe kitu cha kuziba.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Siku uliyomfungia Shangazi, ulipotoka pale ulikwenda wapi?"

Nondo alimtazama Shangazi kwanza. Shangazi akatikisa kichwa kumruhusu.

"Dukani kwa baba," akasema. "Ni ukuta wa pili kutoka shuleni. Nilikuwa narefuka haraka, kwa hiyo alitaka kuniteremshia upindo wa suruali. Akanisimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti, pini mdomoni. Akashika upindo, umelowa. Dada alipigana nami nilipomtumbukiza, maji yakanirukia. Baba akaniuliza, umetoka wapi? Nikamwambia nimeteleza mtaroni. Akanivua suruali, akaikausha kwa pasi, polepole, nisije nikapata kikohozi. Na huko nyuma dada alikuwa anagonga tangi. Baba akainua kichwa. Akasema, nani huyo anagonga bati saa hizi? Nikamwambia ni mafundi, wanaezeka paa la shule. Akasema haya. Akarudi kwenye pasi yake."

Mwongozaji alikuwa ameinua kidole na kukisahau hewani.

"Hiyo," akasema mwishowe. "Hiyo ndiyo."

"Mzee anakumbuka?" nikauliza.

"Baba? Alisahau kabla pasi haijapoa. Wekeni yote. Mimi niwe mbaya kadiri nilivyokuwa. Yeye awe alivyo."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nagonga kwa kandambili," alisema. "Mkononi iliniponyoka mara nyingi, nikawa naitafuta majini gizani."

Duka la mfano tulilolijenga kwa ajili ya filamu lilikuwa halijabomolewa, tukapiga picha za tukio jipya mchana mmoja. Aliyeigiza baba alikuwa amezoea kutoa macho. Ilibidi abembelezwe asiyatoe, afundishwe tu kushika pasi na kuuliza swali lake kama mtu anayeuliza kama sukari imekwisha. Mvua niliitupa. Taa inayoyumba niliitupa. Muziki sikuweka, na mwongozaji aliponiuliza nilimwambia akitaka muziki aje aupige mwenyewe. Sauti ya kugonga aliifanya Shangazi. Tulimletea ubavu wa tangi bovu, nikazima feni, nikafunga mlango, akaugonga kwa kandambili kwa namna aliyoijua yeye. Alipomaliza aliomba mlango ufunguliwe upesi, na nilikimbia kuufungua.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Uko ghorofani, na ngazi zake zina mwinuko mkali. Nondo alimpandisha baba yake kwa kumshika mkono, hatua kwa hatua, akimwambia "taratibu, baba, hapa pana ukingo." Mzee alivaa koti alilolishona mwenyewe, chaki ya kuchorea nguo imejitokeza mfukoni, amesahau kuitoa. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha. Nilikaa nyuma yao makusudi. Shangazi alikaa upande wa pili wa njia, karibu na mlango, na mlango aliuacha wazi. Kabla taa hazijazimwa, mwongozaji alimtambulisha kwa watu kuwa ndiye mwandishi wa hadithi.

Watu walipiga kelele pale tulipotaka wapige, wakacheka kuficha woga. Kisha likaja tukio la duka. Chuma ametoka kufunga kifuniko cha tangi, yuko juu ya kigoda, baba yake amepiga magoti mbele yake na pini mdomoni. Pasi inapita juu ya upindo, mvuke unapanda. Nyuma ya ukuta, kandambili inagonga. "Nani huyo anagonga bati saa hizi?" Mtoto anajibu bila hata kukunja uso. Baba anasema haya.

Hakucheka mtu. Kijana mmoja mbele yangu alijikunyata kwenye kiti chake mpaka nikaona kisogo tu. Nimekata filamu nyingi, sijapata kuusikia ukumbi ukitulia namna ile. Najua si vizuri kujisifu, lakini nilifurahi, na nilimfurahia Nondo pia, maana alipata alichokitaka. Taa zilipowashwa, majirani walimzunguka mzee wakimpa mkono. Yule mama aliyemvuta mtoto wake alikuwa miongoni mwao.

"Mzee, kesho namleta mtoto umalizie sare."

"Mlete, mama," mzee alijibu.

Lakini hakunyanyuka kitini. Watu walipungua, yeye bado anakitazama kitambaa cheupe cha mbele kana kwamba picha bado zipo. Nondo aliinama.

"Baba, twende."

"Hawakuwa mafundi," mzee akasema.

Nondo aliigeuzageuza kofia yake mkononi.

"Nimekuuliza, hawakuwa mafundi?"

"Hawakuwa, baba."

Mzee akajiinua kwa kushika viti, akavuka njia hadi kwa Shangazi. Alisimama mbele yake, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi nilisikia. Nilikuwa na pasi mkononi, nikasikia."

Nilitamani Shangazi aseme hapana, ilikuwa mbali, usingeweza kujua. Niliona kabisa midomo yake ikijaribu kulitafuta neno la namna hiyo. Lakini yeye si mtu wa kutengenezea watu maneno. Angekuwa hivyo, kitabu chake kingekuwa na mama wa kambo.

"Nilikuwa nagonga upande wa duka lako," alimwambia. "Nilijua upo."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa. Akauliza nani alimtoa, Shangazi akasema ni mlinzi, jioni. Mzee akashukuru, kana kwamba amepewa kitu, akaelekea mlangoni. Nondo alimwahi kwenye ngazi, akamnyooshea mkono kama alivyofanya wakati wa kupanda.

Mzee aliutazama ule mkono. Kisha akaegemea ukuta, akaanza kushuka mwenyewe.