Bakuli la Chil-bok

Kila jioni mama hupakua wali wa kwanza kwenye bakuli la shaba, akalifunika, akaliviringishia taulo na kuliweka kwenye kona inayopata moto zaidi ya sakafu yetu, ambayo hupashwa joto kwa chini. Ni chakula cha kaka yangu, Chil-bok. Mama alimwacha kwa bibi, mjini Haeju, kaskazini, ana miaka miwili na surua, wakati watu wanakimbia vita kuelekea kusini. Alimwambia, "Siku tatu tu, nitarudi." Imepita miaka sabini. Mimi nilizaliwa huku Seoul, na wali wa kaka naula mimi asubuhi, umeshapoa.

Kazi yangu ni ukalimani wizarani. Mwaka ule tulikuwa tukishauriana na Wamarekani juu ya tamko la kumaliza vita vyetu na kaskazini, kwa sababu mizinga ilinyamaza zamani lakini vita vyenyewe hakuna aliyevimaliza.

"Mmefika wapi?" mama aliniuliza kila nilipovua viatu mlangoni.

"Mama, hizo ni siri za serikali."

"Siri gani? Serikali yako ilikuwa haijaota meno, mimi nina mtoto mgongoni!"

Vikao vilifika kumi na vitatu. Wao walitaka silaha za kaskazini zitajwe kwanza. Sisi tulitaka vita vitajwe kwanza. Alhamisi moja tukakubaliana. Karatasi moja, aya nne. Bwana Haskett, kiongozi wao, akafunga kalamu yake.

"Sasa wapelekewe wenyewe wa kaskazini," alisema, nami nikatafsiri.

Mkuu wangu, Bwana Mok, alimgeukia Pyo, afisa anayepiga simu kaskazini kila siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni.

"Pyo, leo wamesemaje?"

"Kama jana, mkuu. Inaita mpaka inakatika."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti. Mlio wake hata mwanangu anauigiza nyumbani."

Watu wakacheka kwa uchovu. Haskett hakungoja nitafsiri. Alisema tukutane tena baada ya uchaguzi wa hapa kwetu, na kila mtu mezani alijua kwamba waliokuwa wakielekea kushinda hawalitaki tamko lile. Karatasi ikaingia kwenye faili.

Kila alfajiri mimi na mama tulipiga magoti kanisani, bega kwa bega, nikiomba sisi na Wamarekani tukubaliane. Sikukumbuka kuomba simu ipokewe.

Jioni nilivua viatu polepole.

"Mmefika wapi?"

"Tumekubaliana, mama."

Akaweka mwiko chini. "Na wale?"

"Hawapokei simu."

"Mtapiga tena lini?"

"Kesho, saa tatu."

"Halafu?"

Nikainama kupanga viatu. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayemficha bei.

"Mi-ryeong, mwanangu. Mimi nina miaka tisini na moja, usinibembeleze. Nitamwona?"

"Hapana, mama."

Aliketi. Akainamisha kichwa na kusali sala ya chakula, ile ile ya siku zote, ila mahali pa "na Chil-bok, popote alipo, umlishe" alinyamaza, kisha akasema amina. Akalivuta bakuli kutoka kwenye kona, akafungua taulo, akaondoa kifuniko. Akachukua kijiko na kuanza kula.

"Njoo tule," alisema. "Wali bado una moto."