Boksi la Nyuma ya Nyumba

Mimi mwalimu akiniuliza jina langu, naangalia chini kama nimeulizwa la jirani. Kwa hiyo kiyoyozi cha chumba cha bibi kilipozima saa nane mchana, mama yuko kazini, nilijaribu kila kitu isipokuwa kumpigia fundi.

Bibi alikuwa na siku ya nne tangu apasuliwe tumbo. Daktari alishasema kidonda kisipate jasho hata kidogo. Na jua siku hiyo lilikuwa kama lina kesi na sisi.

Nikabadilisha betri za rimoti. Nikatoa chujio, nikaliosha. Nikazima swichi kubwa, nikawasha. Kikanguruma dakika mbili, kikanyamaza. Nikakipiga kofi, halafu nikakiomba msamaha.

"Unaongea na nani?" bibi akauliza.

"Na kiyoyozi."

"Afadhali. Maana na watu hamsemeshani tangu uzaliwe." Alijifuta shingo kwa mkono wa gauni. "Mpigie fundi, mjukuu wangu. Hang'ati."

Nikaandika kwenye karatasi nitakachosema. Fundi alipopokea, nikasahau kusoma. Nikasema shikamoo mara tatu.

"Marahaba zote tatu, mwanangu. Nani anaumwa?"

Nikamweleza. Akaniambia niende nyuma ya nyumba, niangalie lile boksi la nje lenye feni. "Kuna kitu kimeliziba?"

Nilipofika, nikaona kilicholiziba. Mimi nguo zangu za ndani sianiki kwenye kamba ya uani, wapangaji wenzetu wataziona. Nazianika juu ya lile boksi, upepo wake wa moto unazikausha kabla chai haijapoa. Asubuhi ile nilikuwa nimezidisha heshima, nikazifunika na shuka. Shuka limefunika boksi zima, mbele na nyuma.

"Majani," nikasema.

"Basi usiguse wala usiwashe. Yakiingia ndani, feni inavunjika. Nitakuja kesho jioni nilifungue."

Kesho jioni! Dirishani nilimwona bibi anajipepea kwa kiganja, gauni limemganda kifuani.

"Sio majani, fundi."

"Sasa ni nini?"

"NGUO! Zangu! Za ndani! Na shuka!"

Sisi tusiozoea kusema hatujui kupima sauti. Uani, mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akaacha kusugua.

Fundi akakohoa. "Toa zote. Zima swichi kubwa, acha nusu saa lipoe, kisha washa."

Nusu saa nzima nilimpepea bibi kwa daftari la hesabu, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikawasha. Dakika mbili zikapita, tatu, kumi. Kikaendelea. Shingo ya bibi ikakauka.

Ghafla akajishika tumbo kwa mikono miwili. Nikaruka. "Bibi! Kidonda?"

"Toka nje," akasema kwa shida. "Kila nikikutazama nacheka, na nyuzi bado mbichi."

Nikatoka nikakaa mlangoni, nimempa mgongo. Nyuma yangu nikasikia kitanda bado kinatikisika.